Majani yanapopukutika Maine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sherehe, kazi za mikono na vyakula vya msimu

Ukurasa huu ni wa Waswahili waliohamia Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani: mliotoka Bukavu, Uvira, Bujumbura, Kigoma, Mombasa au kambi ya Nyarugusu, na sasa mko Portland, Lewiston au mji mwingine wa huku. Mgeni akifika hutahadharishwa kuhusu theluji hadi anaogopa. Miezi miwili inayoitangulia haitajwi, na kwangu mimi ndiyo mizuri kuliko yote. Ni msimu wa mavuno. Mtu aliyekulia shambani atauelewa haraka kuliko jirani yake aliyezaliwa hapahapa mjini.

Msimu huu unaanza lini hasa?

Kalenda inasema tarehe 22 au 23 Septemba, hadi tarehe 21 au 22 Desemba. Kalenda haina habari. Katikati ya Septemba usiku umeshakuwa wa sweta. Kaskazini, upande wa Aroostook, rangi za majani hukolea mwishoni mwa Septemba. Portland na Lewiston ni katikati ya Oktoba. Kisha inakuja mvua moja yenye upepo, na asubuhi yake miti iko uchi. Kwa hiyo mwenyeji akikwambia "rangi zimefika, nenda wikiendi hii", usisubiri ijayo. Novemba ni kijivu na baridi, na sherehe zake ni za ndani ya nyumba.

Miti inaugua? Mbona inakuwa myekundu?

Haiugui. Mchana unapofupika, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani inayokamata mwanga wa jua. Kijani kikififia, manjano na rangi ya chungwa zilizokuwemo ndani ya jani tangu mwanzo zinajitokeza. Wekundu ni habari nyingine: hutengenezwa wakati huohuo, kutokana na sukari iliyobaki kwenye jani, na ndiyo maana mchana wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha huleta mwaka wenye wekundu mkali. Mwishowe mti unaziba shina la jani na jani linaachia. Huku mti wa mepo (maple) ndio unaong'aa kuliko yote. Mwaloni huwa na rangi ya kahawia na majani yake huchelewa kudondoka.

Tutembee wapi na watoto?

Anzeni na maonyesho ya kilimo. Anayeijua Nane Nane ya Tanzania hatahitaji maelezo: ng'ombe, mbuzi, kuku wa kila aina, maboga ya kushindanishwa uzito, vyakula vya kukaanga, vumbi na muziki. Maonyesho ya Common Ground, mjini Unity, huwa mwishoni mwa Septemba na ni ya wakulima wasiotumia kemikali. Yale ya Fryeburg huwa mwanzoni mwa Oktoba, na yamekuwapo tangu 1851. Fryeburg ni makubwa na yana msongamano. Mwenye watoto wadogo afike asubuhi na mapema au avumilie foleni ya magari.

Kuna na Damariscotta, mji mdogo wa pwani. Mwezi wa Oktoba watu huchukua maboga makubwa ajabu, wanayachimba ndani, wanakaa humo na kushindana kupiga makasia majini. Mengine hufungwa injini. Mtu wa Lamu aliyezoea mashindano ya majahazi atacheka mpaka mbavu zimuume, lakini akaone.

Mashamba mengi pia hulima mahindi na kuyakata njia za kuzungukazunguka ili watu walipe na kupotea humo. Najua, mzazi wetu yeyote akiona ekari nzima ya mahindi yamekauka kwa ajili ya mchezo, moyo unamuuma. Ni mahindi ya mifugo, si yale laini ya kuchoma. Watoto wanapenda sana, na kwangu hilo linatosha.

Kuchuma maepo kunakwendaje? Tunaruhusiwa kula shambani?

Unalipia mfuko mlangoni, unaonyeshwa mistari iliyoiva, unachuma mwenyewe. Mashamba mengi hayamkasirikii mtoto anayeonja moja, ila uliza. Usivute tunda: linyanyue juu huku ukilizungusha, litaachia lenyewe bila kuvunja kitawi cha mwakani. McIntosh huiva mapema, karibu katikati ya Septemba. Ni laini, lina ukali kidogo, na likipikwa linasambaratika, kwa hiyo ni zuri kwa mchuzi mzito wa matunda. Honeycrisp ni tamu na linakatika kwa mlio, nalo ni la kula bichi. Northern Spy huchelewa hadi Oktoba na hukaa muda mrefu kwenye friji.

Wazazi Waislamu huuliza sana kuhusu kinywaji kinachoitwa cider. Marekani neno hilo likiwa peke yake ni juisi ya maepo isiyochujwa, haina pombe. Likitanguliwa na "hard", ni pombe. Uingereza neno hilohilo ni pombe moja kwa moja, kwa hiyo ndugu yako wa Leicester akishtuka kusikia unawapa watoto, mweleze. Jambo jingine: soma chupa kama juisi imechemshwa kiwandani kuua vijidudu. Isiyochemshwa inaweza kuwa na bakteria hatari kwa watoto wadogo, wajawazito na wazee. Ichemshe mwenyewe jikoni na mdalasini, karafuu tatu na kipande cha tangawizi, na harufu itaingia hadi vyumbani.

Nilinunua boga kubwa la mlangoni, nikalipika, halikuwa na ladha. Kwa nini?

Kwa sababu lile halikupandwa kwa ajili ya sufuria. Maboga makubwa ya kuchongwa yana nyuzi na maji mengi, sukari kidogo. Ukitaka la kula, tafuta dogo lenye kibandiko cha "sugar pumpkin" au "pie pumpkin". Bora zaidi, kwa maoni yangu, ni lile la kijani la Kijapani liitwalo kabocha. Nyama yake ni kavu, tamu, na ndilo linalokaribia kabisa boga la nyumbani, ambalo Wakenya mnaliita malenge. Butternut nalo linafaa kwa supu, na kulimenya ni rahisi.

Boga la nazi kwa mtindo wa futari halibadiliki kwa sababu umevuka bahari. Chukua boga la kilo moja na nusu, toa mbegu, kata vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto. Ganda la kabocha huliwa, liache. Weka kwenye sufuria na kikombe kimoja cha maji na chumvi kidogo, funika, lipike robo saa hivi hadi uma uingie bila kulazimisha. Mimina kopo moja la tui zito, sukari vijiko viwili au vitatu na iliki nne zilizopondwa. Punguza moto, usifunike, usikoroge ovyo vipande visije vikapondeka, tikisa sufuria. Likikolea na kushika vipande, epua. Wageni wa Kimarekani ukiwapa watauliza kwa nini wao huliweka kwenye keki tu.

Likibaki, lisage kesho yake, ongeza kitunguu kilichokaangwa, tangawizi na pilipili, na una supu ya chakula cha mchana. Au lipondeponde uingize kwenye maandazi: kikombe kimoja cha boga lililopondwa kwa vikombe vitatu vya unga wa ngano, hamira, sukari, iliki, na tui kidogokidogo mpaka donge lishikane. Maandazi hayo huwa na rangi ya dhahabu na hukaa laini hadi siku ya pili.

Mbegu usitupe. Zioshe, zikaushe kwa taulo, zipake mafuta na chumvi, choma kwenye oveni ya nyuzi 160 za Selsiasi kwa dakika ishirini hivi, huku ukizigeuza.

Ile harufu ya "pumpkin spice" kila dukani ni boga?

Si boga. Ni mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu na ile pilipili tamu ya Jamaika. Kahawa ya Starbucks iliyoeneza mtindo huo ilianza kuuzwa 2003, na hadi 2015 haikuwa na boga lolote ndani. Mtu wa Unguja au Pemba akisikia kwamba karafuu na kungumanga sasa ni alama ya Oktoba ya Marekani, ana haki ya kutabasamu. Usinunue kikopo chao kidogo chenye bei kubwa. Nenda duka la Wahindi au la Wasomali, nunua viungo vizima, saga: mdalasini vijiko vikubwa vitatu, tangawizi na kungumanga vijiko vya chai viwiliviwili, karafuu kijiko kimoja cha chai na nusu. Kungumanga ikune wakati wa kutumia. Changanya na iliki uweke kwenye chai ya maziwa.

Bustani yangu ina lengalenga, matembele na majani ya maboga. Nifanyeje kabla ya baridi?

Vuna sasa. Sakitu ya kwanza, yaani ule usiku ambao umande unaganda juu ya majani, huua matembele na maboga kwa usiku mmoja. Asubuhi unakuta majani meusi yamelegea. Fuatilia utabiri wa hewa kuanzia katikati ya Septemba. Chuma majani machanga ya maboga, menya zile nyuzi za mashina kama kawaida, yatumbukize kwenye maji yanayochemka dakika mbili, kisha kwenye maji ya barafu, kamua, gawanya katika mifuko ya mlo mmoja mmoja na uweke kwenye friza. Mwezi wa Februari utamshukuru Mungu. Nyanya za kijani zichume pia: zifunge kwenye karatasi, ziweke sandukuni ndani, nyingi zitaiva. Zilizobaki ngumu ni za achari.

Kama huna bustani, ongea na mkulima wa sokoni. Wengi hawajui kwamba majani ya maboga huliwa, na mwisho wa msimu wanaweza kukuachia mzigo mzima kwa bei ndogo.

Chakula gani cha huku kinafaa kwa baridi hii?

Maharage ya kuokwa. Maine wanajivunia maharage yanayopikwa polepole usiku kucha na molasi, ile asali nyeusi ya miwa, haradali na kitunguu. Zamani chungu cha chuma kilifukiwa shimoni pamoja na makaa, na bado kuna mashambani wanakofanya hivyo kwa sherehe. Ukialikwa, uliza kuhusu nyama: kwa desturi hutiwa mafuta ya nguruwe. Nyumbani tia kipande cha ng'ombe chenye mafuta, au usitie chochote.

Viazi vitamu vyao vya rangi ya chungwa mara nyingi huandikwa "yam" dukani, lakini si viazi vikuu. Vina maji kuliko vyetu vyeupe. Choma na ganda lake, usivichemshe.

Zaidi ya hapo sioni haja ya kubadilisha dini ya jikoni. Mtori, supu ya makongoro, uji wa ulezi wenye tangawizi na ndimu, maharage ya nazi: hivi ndivyo vyakula vya hali hii ya hewa, hata kama vilibuniwa kwingine. Mchaga aliyekulia mteremkoni mwa Kilimanjaro hahitaji kufundishwa kupika kwa ajili ya baridi.

Nataka kufanya kazi za mikono na watoto, lakini sitaki kununua vitu vya plastiki. Tufanye nini?

Vizuri, maana vitu vya plastiki vya msimu huu vimejaa maduka na mwezi Novemba vyote viko jalalani.

Majani kwanza. Yachumeni siku kavu, yapangeni kati ya karatasi za gazeti, wekeni vitabu vizito juu kwa wiki moja. Yakikauka, yachovyeni upesi kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwa moto mdogo sana, myaning'inize kwa uzi dirishani. Nta hushikilia rangi kwa wiki kadhaa. Kazi ya nta ifanywe na mtu mzima.

Mbegu za mwaloni na matunda makavu ya msonobari hupendeza kwenye bakuli au kwenye shada la mlangoni. Ila yapasheni kwanza kwenye oveni, nyuzi 95 za Selsiasi, kwa muda wa kama saa moja. Ndani ya mbegu za mwaloni mara nyingi mna viwavi, na vitatoka kutembea mezani wakati wageni wamekaa.

Kuchonga boga: toboa chini, si juu, ili mfuniko usizame na mshumaa uweze kuwekwa kwa urahisi. Kwangua ndani hadi ukuta uwe mwembamba kiasi cha vidole viwili. Paka mafuta ya mgando kwenye sehemu zilizokatwa, vinginevyo zinajikunja haraka. Halikai zaidi ya wiki moja hivi, kwa hiyo usichonge tarehe mosi Oktoba. Na hakuna sheria ya kuchonga sura ya kutisha. Michoro ya piko, maua na mizabibu, inapendeza mno mwanga ukipita, na binti aliyezoea kuchora hina ataimaliza kwa urembo ambao jirani hajauona.

Kama nyumbani kuna bibi au shangazi anayejua kusuka ukili, huu ndio wakati wa kumkalisha na wajukuu. Na wapelekeni wakaone vikapu vya Wawabanaki, wenyeji wa asili wa Maine: Wapenobscot, Wapassamaquoddy, Wamaliseet na Wami'kmaq. Hupondaponda gogo la mti aina ya ash mpaka linaachia tabaka nyembamba, wanazisuka pamoja na nyasi yenye harufu nzuri. Utaona vidole vikifanya vilevile vinavyofanya Pemba kwa miyaa. Mti wenyewe sasa uko hatarini, kuna mdudu kutoka Asia anayeutoboa, kwa hiyo kikapu halisi kina bei na inastahili.

Halloween: ni lazima tushiriki?

Si lazima. Tarehe 31 Oktoba jioni watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Asili yake ni Waselti wa Ireland na mkesha wa Watakatifu Wote. Wahamiaji wa Ireland walikuja nayo Amerika, na badala ya kuchonga tanipu (mboga ya mzizi) walizozizoea wakakuta maboga. Mkatoliki wa Bukavu anaijua tarehe mosi Novemba na ile ya pili ya Marehemu Wote bila kinyago chochote.

Familia zetu zimegawanyika, na sidhani kuna haja ya kugombana. Kanuni ya mtaa ni nyepesi: taa ya mlangoni ikiwaka, watoto wanabisha, ikizimwa, wanapita. Zima taa na hakuna atakayekuona mbaya. Mkishiriki, chagueni vazi pana linalovalika juu ya koti, maana ugomvi wa "koti linaficha vazi langu" huanza saa moja kamili usiku kila mwaka. Kwa Waislamu, chungueni peremende zenye jelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe: zile za kutafuna kama mpira, marshmallow, na candy corn. Boga lililopakwa rangi ya samawati-kijani mlangoni maana yake nyumba hiyo ina vitu visivyo chakula kwa watoto wenye mzio.

Saa inarudi nyuma lini, na nitapigaje simu nyumbani?

Jumapili ya kwanza ya Novemba: saa nane usiku inakuwa saa saba. Siku hiyo Portland jua linazama karibu saa kumi na nusu jioni, na mwanzoni mwa Desemba ni saa kumi na dakika chache tu. Kwa aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili mwaka mzima, hili ndilo gumu kuliko baridi. Toka nje mchana, hata wakati wa mapumziko ya kazi, na muulize daktari kuhusu vitamini D.

Simu: Dar na Nairobi huwa mbele kwa saa saba wakati wa kiangazi, na saa nane baada ya mabadiliko. Bukavu, Goma, Kigali na Bujumbura ni sita, kisha saba.

Tumealikwa Thanksgiving. Twende na nini?

Ni Alhamisi ya nne ya Novemba. (Kanada ni Jumatatu ya pili ya Oktoba, usichanganye ukialikwa Montreal.) Hadithi ya shuleni ni karamu ya 1621 huko Plymouth, jimbo jirani la Massachusetts, ambapo wahamiaji Waingereza walikula siku tatu pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa pale, wapatao tisini. Rais Lincoln aliitangaza kitaifa 1863, na Bunge likaiweka Alhamisi ya nne 1941. Tangu 1970, wenyeji wa asili hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza, kwa sababu yaliyofuata baada ya karamu ile yalikuwa kunyang'anywa ardhi na vifo. Watoto wetu wanapaswa kujua yote mawili.

Chakula huwa mchana, saa nane au tisa. Muulize mwenyeji nani alete nini. Sambusa haijawahi kukataliwa. Ukipika bata mzinga mwenyewe, kumbuka aliyeganda anahitaji siku moja ndani ya friji kwa kila kilo mbili. Wa kilo sita ni siku tatu. Msugue kwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na bizari ya pilau chini ya ngozi, umwache usiku kucha. Yuko tayari kipimajoto kikisoma nyuzi 74 za Selsiasi kwenye paja, mbali na mfupa. Aliyeganda usimtumbukize kwenye mafuta ya moto kamwe. Nyumba huungua hivyo. Mifupa yake ndiyo supu ya pilau ya Ijumaa.

Kuna hatari yoyote ya kutembea msituni?

Mbili. Kupe wa huku hueneza ugonjwa wa Lyme, na wakubwa wao wako macho Oktoba na Novemba, hasa kwenye marundo ya majani ambayo watoto hupenda kurukia. Ingizeni suruali ndani ya soksi na mkaguane mkirudi: nyuma ya magoti, kwapani, kichwani. Ya pili ni wawindaji wa paa wenye bunduki, karibu Novemba yote. Vaeni kizibao cha rangi kali ya chungwa. Jumapili uwindaji umekatazwa Maine, kwa hiyo ndiyo siku ya matembezi.

Maboga ya mlangoni niyapeleke wapi yakianza kuoza?

Kama hayajapakwa rangi wala nta, wafugaji wengi wa mbuzi na nguruwe huyapokea bure; baadhi huweka tangazo mwanzoni mwa Novemba. Toeni mishumaa kwanza. Vinginevyo yakateni vipande myafukie kwenye shimo la mboji pamoja na majani mliyoyakusanya kwa reki. Msiyatupe msituni wala kando ya barabara, yanawavuta paa kwenye magari.